Maisha ya Nani

Bwana Threlkeld kaingia na mvua mabegani,
baiskeli kaibeba yeye, haikumbeba.
Akailaza juu ya benchi langu,
na kidole chake kikaenda chenyewe
pale chini ya kiti, kwenye ufa
mwembamba kama unywele kwenye sabuni.

Kisha akatoa risiti.
Mwaka themanini na sita, duka la mtaa wa Far Gosford,
pauni mia mbili na kumi, taslimu,
na chini yake, kwa wino wa buluu uliopauka:
Fremu hii ina dhamana ya maisha.
Ameitunza kwenye mfuko wa plastiki
pamoja na cheti cha ndoa.

Nikapiga simu kiwandani. Si kiwanda tena,
ni ghorofa za kupangisha,
na jina la Wexcombe limenunuliwa na watu wa mji mwingine:
jina, nembo, na ile rangi ya kijani.
Kijana aliyepokea alikuwa na adabu.
Maisha, akasema, ni maisha ya bidhaa,
na bidhaa tumeikadiria miaka kumi.

Basi hii ilikufa mwaka tisini na sita!
Na Bwana Threlkeld, mtu wa posta,
kwa karibu miaka thelathini ameendesha maiti;
kagawa barua za Coventry juu ya maiti,
kampakia bintiye kwenye maiti kumpeleka shule,
na jana tu
maiti ilimpeleka kununua mkate.

Sikucheka. Kijana yule alikuwa hajazaliwa
siku neno lile lilipoandikwa.
Aliyeliandika labda alitaka tu kuuza kabla ya Krismasi.
Na chuma huchoka,
hakuna fundi asiyelijua hilo, wa hapa wala wa Tanga.

Ila kwetu Tanga, kabla marehemu hajateremshwa,
husimama mtu wa nyumba yake akasema:
Anayemdai, na aje kwetu.
Hasemi: aje aliyemkopesha juzi.
Siku ya baba alisimama kaka yangu Mbaruku,
na wa kwanza kuja alikuwa muuza misumari,
daftari limeliwa na mende,
kilo mbili za inchi tatu, deni la kabla sijaanza shule.
Mbaruku akasoma. Akalipa.
Tulirithi baiskeli moja, na jina,
na misumari ya watu.

Wewe uliyelinunua jina
ukalipaka kijani dirishani,
lilikuja peke yake?

Sikumwuliza. Nilisema ahsante, nikakata simu.

Nikawasha moto. Shaba ikalainika, ikang'aa,
ufa ukainywa wote kama wenye kiu.
Kijani sikuwa nacho; nikapaka nyeusi.

"Itadumu?" akauliza.

Kalamu mkononi, kitabu changu cha risiti mbele yangu,
na neno lile likanijia, tamu,
halilipiwi kitu siku ya kuandikwa.
Nina miaka hamsini na minne. Duka ni la kukodi.
Nikaandika: miezi sita.

Akaisoma mara mbili.
Akaikunja, akaitia kwenye mfuko uleule,
katikati ya dhamana na ndoa,
akatoka mvuani,
safari hii amepanda.