Kitambaa Cheupe

Iko juu ya meza, juu ya magazeti ya juzi,
na mimi nimefunga mlango wa uani
kana kwamba nina maiti ndani.

Mtutu wake haujaonja mvua.
Mbao ya kitako haina mkwaruzo,
haina herufi alizochonga askari akingoja zamu iishe.
Nambari za mtutu na za komeo zalingana kama mapacha.
Baba, Rehan Sebit, karani wa ghala la silaha, Kahawa,
aliinunua kwa stakabadhi mwaka ule Mwingereza alipofunga virago
akauza mahema, masufuria, baiskeli,
na hii, ingali ndani ya karatasi ya grisi.
Mahari ya mama ikasubiri.

Kila Ijumaa baada ya swala, hapahapa Makina,
alivuta kitambaa ndani ya mtutu kwa uzi,
kikatoka cheupe,
akatuinulia, mimi na Asman, kama mtu anayeonyesha cheti:
“Haijawahi kusema neno.”

Sasa Bwana Virdee wa Parklands amepiga simu mara tatu.
Anataka isiyoguswa.
“Risasi moja tu, Zeituna, na nusu ya bei imekwenda.”
Nusu ya bei ni mabati mapya,
ni karo ya Sebit mdogo mwaka mzima.
Asman naye: jembe la ukutani halilimi,
ipige au iuze, usitufanye walinzi wa makumbusho.

Mimi nimejaza fomu, nimepimwa akili,
nimechukuliwa alama za vidole vyote kumi,
ili nipewe haki ya kurithi kimya.
Usiku nakifikiria kimya hicho.
Ndugu zake, waliotoka kiwanda kimoja,
walisema sana katika nchi hii.
Walisema milangoni alfajiri. Walisema msituni.
Babu alimbeba mmoja wao hadi Burma
akarudi na sikio moja linalosikia.
Hii pekee ilinyamaza.
Nani kanipa ruhusa ya kuivunjia mwiko?
Na je, kunyamaza kwake ni wema,
au ni kwamba hakuna aliyeiuliza?

Jumamosi nikaipeleka kwa Mwololo, sajini mstaafu,
mtunza uwanja wa shabaha, nje ya mji,
penye vumbi jeupe la machimbo ya mawe.
Akavaa miwani. Akaigeuza.
Akakwangua grisi kwa ukucha pale mtutu unapoanzia,
mihuri miwili ikajitokeza, midogo kama ufuta.
“Unaona? Alama ya kiwandani.
Zote hupigwa huko kabla ya kupakiwa,
tena kwa risasi kali kuliko hizi zetu,
waone kama chuma kitapasuka.
Hakuna bunduki bikira, dada.
Kuna zilizosafishwa vizuri.”

Nikacheka. Kisha nikakaa juu ya tairi la lori,
miguu ikakataa kusimama.
Ijumaa zote zile, baba.
Au ulijua?
Karani wa ghala, asiutambue muhuri?

Nililala kifudifudi juu ya mkeka wa Mwololo.
Kitako kilinukia mafuta ya kitani na kabati letu.
Risasi moja. Nilichowaza sikisemi.
Bega likasukumwa kama na mtu mwenye haraka Gikomba,
ukuta wa udongo ukatema vumbi kidogo, basi.
Kunguru wakaruka, wakarudi palepale.

Jioni, meza ileile.
Simu ikaita, jina la Virdee, nikaiacha iite.
Nikafunga kitambaa kwenye uzi,
nikavuta polepole, alivyokuwa akivuta,
na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii
kikatoka cheusi.

Sebit mdogo akakitazama, akanitazama.
“Imesema nini?”

Nikachukua kitambaa kingine, nikakitia mafuta.