Dhamana ya Dumu la Manjano

Dumu lilikuwa la manjano, lita nne,
na ubavuni, chini ya simba anayecheka,
waliandika kwa mistari miwili:
INJINI YAKO IKIFA
TUTALIPA.
Nikasoma mara mbili pale dukani Ngala,
nikamwambia muuzaji, "Hawa watu wana imani."
Akanirudishia chenji na stika.

Miezi kumi na minne Baya aliendesha tuktuk yangu
akiitazama ile stika kiooni kama hirizi,
na injini ikafa Jumatano, saa nne asubuhi, Maweni,
ikiwa na mwalimu mmoja, mbuzi mmoja
na mfuko wa saruji ambao nauli yake haikulipwa.
Haikulia. Ilikohoa, ikakaza meno.

Nikaandika barua. Nikajibiwa, sikatai,
tena kwa adabu: "Mteja wetu mpendwa,"
neno ambalo marehemu hakunitamkia hata siku ya posa.
Walitaka risiti ya kila mafuta niliyobadilisha.
Walitaka picha ya mita, tarehe ionekane,
na muhuri wa fundi wanayemtambua wao.

Risiti nilikuwa nazo tatu.
Moja ilifuliwa na leso. Moja ina deni la unga nyuma yake.
Ya tatu jua la Malindi limeilamba wino wote.
Na fundi wangu ni Tsofa wa Muyeye,
aliyejifunza kazi akiwa chali chini ya malori ya chumvi.
Muhuri wake ni kidole gumba cheusi:
uko kwenye usukani,
uko kwenye kikombe changu cha chai.

Nikatuma hivyo hivyo. Nikatuma na mafuta yenyewe,
yakaenda Mombasa kwa basi, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.
Wiki saba.
"Uchunguzi umeonyesha mafuta yetu hayana kasoro."

Tsofa aliisoma barua, akafutia mikono,
maana ndiyo iliyokuwa karibu.
"Wamesema kweli, Mama Nyevu. Mafuta ni mazuri.
Kilichoua ni kichujio cha hewa na vumbi la Barani.
Mafuta hayaui injini, ndiyo maana wakathubutu kuapa.
Hata mimi naweza kumdhamini pweza asizame."

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia.
Dhamana. Neno hili lilikula nasi sahani moja nyumbani.
Baba mdogo, Athmani Kheri, aliweka hati ya shamba la Gede
mezani kwa karani wa mahakama,
kwa ajili ya jirani aliyeshtakiwa kwa nyaya za umeme.
Jirani akapotea kabla ya kesi.
Baba mdogo hakumwomba mtu risiti.
Minazi arobaini na miwili ikaangushwa nazi na wengine mwaka ule,
naye akahamia chumba chetu cha nyuma na redio yake.
Akiitafuta stesheni alikuwa akisema,
"Nilisema nitasimama. Nikasimama."
Mama alimwita mjinga, na mimi sijui,
sijui mpaka leo.
Ila neno ni lilo hilo
walilolichapa kwenye plastiki.

Tsofa amechonga silinda, ametia ringi mpya.
"Nipe nusu. Ikifa kabla ya Ramadhani, niite."
"Na ikifa baada ya Ramadhani?"
"Niite vilevile. Lakini uje na mahamri."
Sikumwandikisha.

Mafuta nanunua yale yale; si yamepimwa?
Stika Baya hataki kuibandua, anasema itaacha doa.
Dumu nimelikata kwa kisu, kati ya mstari na mstari.
Nusu ya juu, INJINI YAKO IKIFA,
Tsofa ameichukua, ndiyo faneli yake.
Ya chini iko mlangoni kwangu, imeandikwa TUTALIPA,
nimepanda mrehani ndani yake,
wa kunukia, si rehani ya benki,
na kuku wa jirani keshaanza kuuchimbua.