Kofia Haikutosha

Katwe jua halituangukii toka juu tu.
Linapiga kidimbwi, chumvi inalirudisha,
likakuingia chini ya kidevu.

Hilo sikulijua, Kabugho.
Nilikununulia pama pana, nikajiona baba kamili.
Jioni ukarudi shingo imeiva,
ngozi yako isiyo na weusi wa kuikinga
imetoa malengelenge,
na muuguzi wa Kasese akaniuliza:
"Na ardhi je, umeivika kofia?"

Sasa tunatoka saa kumi na moja, kurunzi mkononi.
Saa tatu wewe u kivulini, unahesabu magunia.
Mikono ya shati langu la harusi
imeshonwa kwenye gauni lako;
mama yako alinuna siku mbili.
Mafuta ya kopo dogo, ghali kuliko nyama,
unaanza kujipaka masikioni,
maana sikio, unasema,
husikiliza wote, halina wa kulisemea.

Thembo hunicheka: "Unamficha mtoto?"
Simjibu.
Wingu likitanda juu ya ziwa
namtazama anavyokimbia, turubai begani,
kuifunika chumvi yake.