Maboksi ya Ndizi

Tunahama mwisho wa Agosti.
Veikko kaomba maboksi ya ndizi dukani,
kumi na saba, yana matundu pande zote,
bado yananukia nchi tusizozijua.
Pihla kayaandika ubavuni kwa kalamu nene:
VITABU. VITABU. VYOMBO. MAMA. SIJUI.

SIJUI ndilo lililojaa kwanza.
Funguo mbili zilizofiwa na milango yao,
jino la Oiva ndani ya kiberiti,
rimoti ya televisheni tuliyoitupa
mwaka ule bomba lilipopasuka,
picha ya mtu anacheka arusini:
hakuna anayemkumbuka,
hakuna anayethubutu kumtupa.

Mimi ndiye niliyetaka kuhama. Niliseme mapema.
Kazi ya Joensuu niliiomba mwenyewe,
barua nikaiandika usiku, jikoni,
juu ya meza hii ambayo sasa wanauliza
kama itapita mlangoni.
(Iliingiaje? Hatukumbuki. Pengine ilizaliwa humu.)

Lakini hii ni Julai, na hapa Kuopio
anayeshinda ndani mwezi wa Julai huulizwa kama anaumwa.
Jua linazama saa tano usiku, shingo upande,
na kabla hujamaliza kupiga mswaki
limeshaanza kukohoa nyuma ya ziwa.
Tukayaacha maboksi yalivyo, midomo wazi,
tukapakia gari: hema, viatu vya mpira,
dawa ya mbu isiyowatisha mbu.

Siku tatu mvua. Kajaani mvua, Kuhmo mvua.
Ndani ya hema Oiva akachora nyumba mpya kwa kidole
juu ya turubai lenye ukungu wa pumzi zetu:
hapa kitanda, hapa dirisha, hapa paka.
Hatuna paka.
"Joensuu tutakuwa naye," akasema,
bila kugeuka,
nikajua hiyo ndiyo bei.

Shangazi Lempi alitupokea kwa mkate mweusi na siagi.
Yeye kahama mara moja tu, akiwa na miaka sita,
wakati wa vita, kutoka upande ule wa mpaka:
saa mbili za kufunga mizigo,
ng'ombe mmoja wa kuswaga.
Nikaweka kikombe chini, nikangoja neno zito.
Akatafuna. Akafuta makombo mezani.
"Kahawa usiifunge mapema," akaniambia.
"Mama aliifukia chini ya mashuka.
Hadi tunafika Iisalmi hatukuwa watu."

Tumerudi. Jumamosi tumelishusha zulia la matambara
hadi gatini, kama kila kiangazi,
tukalisugua kwa brashi na sabuni ya msonobari,
magoti yamelowa, majirani kulia na kushoto
wanasugua ya kwao, wanasengenya bei za nyumba.
Hellevi wa ghorofa ya chini hakuniuliza kitu.
Alinishikia ncha moja tu, tukakamua pamoja,
yeye akizungusha huku, mimi kule,
maji yakamwagika katikati yetu.
Mstari wa buluu ni shati la Veikko la siku za uchumba.
Wa njano, pazia la mama.
Ule mwekundu mwembamba, karibu na pindo,
nimeukanyaga miaka yote hii
na sijui ulikuwa nguo ya nani.

Nyumbani, pale lilipolala miaka kumi na moja,
sakafu imebaki changa, rangi ya asali,
pembe nne kamili,
vilevile kama siku tulipoingia na Pihla begani.
Kwingine kote tumeichosha.
Oiva kavua soksi, kajinyoosha hapo katikati.
"Huku hatujawahi kukaa," akasema.

Nikaenda kuchemsha maji.
Kopo la kahawa halipo kabatini.
Pihla kalifunga, ndani ya VITABU.
Hakumbuki VITABU lipi.