Ganda, Lulu, Chatu

Ofisi yetu ipo Wete, juu ya ghala;
harufu ya makonyo hupanda ngazi bila kubisha hodi.
Kompyuta kumi na tisa, printa moja yenye kiburi,
na mie, fundi pekee tangu Shaame apate kazi Maskati.

Msimu wa karafuu, kila jioni ni yaleyale:
nakili faili la Konde, nakili la Kengeja,
badili jina, tia tarehe, futa la mwezi uliopita,
hamia kituo chengine, anza upya,
kama mtu achotaye maji kwa kijiko
na ndoo anayo, imelala miguuni pake.

"Si uifundishe mashine ifanye yenyewe?"
Bwana Faki alisema huku akitafuta miwani yake,
hajui kwamba kufundisha huanza kwa lugha,
na lugha ya mashine haiji na maziwa ya mama.

Ya kwangu sikuichagua. Ilinikuta mlangoni.
Skuli wakanisahihisha, nikajifunza kusema "vingine";
nyumbani hadi leo nasema "vyengine"
na mchuzi unapakuliwa vilevile.

Ya mashine ndiyo naambiwa nichague.

Perl, jina kama lulu. Shaame aliipenda hiyo.
Aliacha skripti sita, nimezifungua zote:
alama za dola, mabano, nukta mkato,
nyayo za kaa aliyepita mchangani usiku.
Zinafanya kazi. Siku zikigoma, nani aulizwe?
Nilimpigia simu. Akacheka:
"Wallahi hata mie sizisomi tena."

Python, chatu. Binamu yangu Nassir, wa chuo kule Tunguu,
huisifia kama mtu aliyetoka kuposa:
safi, imenyooka, kila mstari wajua pa kukaa.
Kweli. Ila mashine zetu ni kongwe,
chatu mwenyewe ashushwe kutoka mtandaoni,
na bando la ofisi halifiki tarehe kumi na mbili.

Likabaki ganda, Bash,
ambalo lilikuwamo humo siku zote:
dirisha jeusi, kishale kinakonyeza,
maneno mafupi ya mtu aliyenuna, cp, mv, rm.
Nikasema haya, nianze na kilichomo jikoni.

Mistari saba.
Katika wa sita nikaacha pengo, upana wa ukucha,
baada ya mkwaju
(si mti, ile alama iliyoinama)
na rm haiulizi mara mbili.
Likaondoka jalada zima la Konde,
gunia mia tatu na kumi, majina ya watu, kilo zao,
na bibi mmoja aliyeleta kilo nne tu, na nusu.

Flashi ya mkobani ikanisitiri, nakala ya juzi.
Siku moja ilipotea.
Time wa mapokezi akanisomea risiti, moja moja,
mie nachapa, mpaka ikaadhiniwa isha.
Kisha akaweka kidole kwenye kioo:
"Na hapa umeiambia nini?"

Nikamsomea: nenda, nakili, futa.
"Basi? Hivyo ndivyo unavyomtuma mtoto dukani?
Mie wangu humwambia, kama hakuna chumvi,
usilete kitu chengine. Rudi na pesa."

Hajasoma kompyuta, Time.
Mstari wa nane ni wake.

Sasa skripti huamka saa nane za usiku.
Na mie huamka saa nane, sijui kwa nini,
nasikiliza feni, nageuka, nalala.
Leo asubuhi nimefungua ripoti:
vituo kumi na vitatu, badala ya kumi na vinne.
Moyo ukanidondoka hadi kwenye kandambili.
Nikasoma chini zaidi.
Kengeja: umeme haukuwapo. Hakuna kilichofutwa.

Nikamwita Time aje aone.
Imerudi na pesa.