Yatokanayo

Akidi ilitimia saa tano na robo.
Tulikaa kwenye ghala la pamba la zamani,
lile ambalo mizani yake iling'olewa, ndoano ikabaki
inaning'inia juu ya kichwa cha mwenyekiti
kama swali lililosahauliwa na mwulizaji.
Mimi ndiye katibu. Kalamu ya bluu, kaunta buku kwaya mbili.

Ajenda ya kwanza: vigingi.
Vilipigwa usiku, kumi na vinne, vya zege,
kuanzia mlango wa mto hadi majaluba ya kina Holo,
kila kimoja na namba yake nyekundu.
Mpunga ulikuwa umeanza kubeba mimba.
Mtu wa kampuni alisema ardhi ile ni tupu.
Nkwimba Malago akavua kandambili,
akainua unyayo tuuone: "Tupu ya nani?
Matope haya nimeyavaa miaka thelathini na moja."
Niliandika: Mjumbe mmoja alipinga.

Mengi niliyaandika kwa ufupi namna hiyo.
Sikuandika jinsi Kwilasa, mkorofi wa vikao vyote,
alivyosimama kusema nyanya zake zimo
ndani ya mita sitini za ziwa,
na kwamba hawezi kuinyooshea kidole pampu ya tajiri
wakati yeye mwenyewe husuuzia bomba la dawa ufukweni.
"Nitarudi nyuma," akasema. "Nihesabieni hatua."
Tukaenda naye, hatua themanini,
maana miguu yake mifupi.
Juma lile lile wanawake wa kikundi
wakaingia majini na reki, wakaopoa magugumaji,
wakayarundika na samadi na majivu.
Yakaoza, yakanuka, tukalalamika,
yakawa meusi kama mbuga baada ya mvua.
Adui wa nyavu akawa chakula cha mchicha.

Kesi ilikula misimu mitatu.
Nauli ya kwenda barazani tulichanga kwa debe:
mpunga, choroko, michembe.
Wakili alikuja mara moja, akala matobolwa,
akayasifu sana, hakurudi.
Tukaenda wenyewe na kamba ya katani
na ramani aliyoichora Lugembe nyuma ya kalenda ya benki:
mipaka ya minyaa, kisima, makaburi,
hata kichuguu ambacho mtu wa kampuni hakukijua.
Vigingi viling'olewa.
Kimoja sasa kinafungiwa ndama.

Basi, ajenda ya mwisho: hati za kimila.
Fomu zikaletwa, wino wa kidole, foleni.
Wanaume tukatangulia, kwa mazoea.
Nkwimba akauliza, safari hii bila kusimama:
"Kampuni tumeinyang'anya. Tumempa nani?"

Ghala likanyamaza. Upepo wa ziwa ukaigusa ndoano.
Mbele yangu ilikuwapo fomu yangu mwenyewe,
ekari nne za baba, jina moja.
Dada yangu Milembe alikuwa nje anawapimia watu uji,
yeye aliyezipalilia ekari hizo
miaka yote niliyokuwa Mwanza mjini
najifunza kuandika mihtasari.
Kikulacho ki nguoni, walisema wahenga;
hawakusema nguo yenyewe
yaweza kuwa kaunda suti ya katibu.

Kalamu ilikauka, au niliitaka ikauke.
Niliitikisa. Nikaandika jina lake chini ya langu,
nikalitazama,
nikaona chini si mahali pake,
nikaomba fomu nyingine.
"Hiyo ya pili utailipia," akasema ofisa.
Nikalipa.

Mengineyo:
Vuli inakaribia. Pingili za muhogo zipo kwa Holo,
aje mtu na kamba yake ya kufungia.
Reki moja imevunjika meno, haijulikani nani.
Kikao hakikufungwa rasmi;
watu walitoka mmoja mmoja
kuwahi kufukuza ndege kwenye mpunga,
na katibu naye akatoka,
akaacha daftari wazi.