Dakika Tatu za Dorcas Pardy

Spika wa St. John's kampa dakika tatu.
Hakufungua faili.
Alitoa mkobani chupa ya jamu,
ndani maji ya bomba la kwao,
rangi ya chai ya mkandaa.

"Mheshimiwa, haya si chai.
Ndiyo tunayoogeshea watoto."

Nyuma kuna aliyecheka.

Akasema kivuko kimelala gatini tangu Novemba,
ghuba imeganda,
na Garland Strickland kafia njiani,
hospitali bado kilomita tisini.
"Kura zetu mlizifuata kwa helikopta.
Wagonjwa wetu, je?"

Kengele. Akaketi
katikati ya sentensi.
Chupa aliiacha mbele ya waziri,
kifuniko wazi.

Waziri akakohoa, akaagiza maji.
Yakaja maangavu,
na kipande cha ndimu.